Jicho Halingoji Boti

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo Mboko yote, kijiji chetu cha kando ya ziwa, iliamka kabla ya majogoo. Soko jipya lilikuwa linafunguliwa kando ya barabara, na wazee walikuwa wamekubaliana kwamba ufunguzi bila mchezo ni kama bugali bila mboga. Wakatangaza mbio za mitumbwi. Wanaume walikuwa wakishindana tangu zamani, hilo halikumshangaza mtu. Lakini safari hii wasichana wa Swima, kijiji jirani, walituma salamu kwa mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, naye akazipeleka mlango kwa mlango: "Mubaambie bale ba Mboko, kama banajua kupiga kafi na si kupiga domo tu, tukutane mu maji."

Lo! Ungekuwepo! Yule mama alikuwa hajamaliza hata kuteremsha beseni lake kichwani, sisi tulikuwa tumeshakusanyika ufukweni tunagombania nani akae wapi.

Usinitazame hivyo. Mimi Wabiwa unayeniona leo hapa Baraka, ninayekaa juu ya kiti nikichambua ndagala na kulalamikia magoti, siku hizo nilikuwa na mikono kama ya mtu anayetwanga mihogo kutwa nzima, kwa sababu ndiyo kazi niliyokuwa nayo. Na nilikuwa na sauti. Katika mtumbwi wa mbio, anayekaa mbele ndiye anayeimba. Yeye akiita, wengine wanaitikia, na kila wanapoitikia kafi zote zinaingia majini pamoja. Akikosea yeye, mtumbwi unakuwa kama mbuzi aliyefungwa kamba mbili. Wenzangu walinipa mimi kiti hicho cha mbele, na kwa wiki zote za mazoezi nilitembea Mboko kama niliyeolewa na chifu.

Basi asubuhi hiyo tulikuwa ufukweni, wasichana wote wa mtumbwi wetu, tukiwa tumefunga vikwembe vya rangi moja ambavyo rafiki yangu Apendeki aliwabembeleza bamama wa kwaya watuazime. Ngoma zilikuwa zimeanza kule sokoni. Baba Lubunga, fundi wa mitumbwi, alikuwa bado analainisha ukingo wa mtumbwi wetu kwa tezo, maana Apendeki alikuwa amelalamika kwamba unamkwaruza mkono. Mimi nikainama karibu kabisa kuangalia kazi yake, kwa ile haraka ya ujana ya kutaka kuharakisha hata kisichokuhusu. Upepo wa ziwa ukavuma mara moja tu. Vumbi la mti likaruka, na kitu kikaingia kwenye jicho langu la kulia.

Ah, mwanangu! Ilikuwa kama mtu amenichoma kwa mwiba wa samaki. Jicho likafunga lenyewe, machozi yakaanza kumwagika hadi kidevuni. Nikanyanyua mkono nilisugue. Baba Lubunga akaunasa mkono wangu hewani.

"Usisugue! Mi nafanya hii kazi tangu ujana. Ukisugua, unakisukuma ndani."

Sasa ngoja nikuambie kilichofuata, maana ndicho kinachofuata hadi leo mtu yeyote akisema "jicho langu linauma" mbele ya watu wengi. Kila mmoja aligeuka muganga.

Sifa, msichana mmoja wa kundi letu mwenye moyo mwema kuliko wote, akasema nilale chali anilambe jicho kwa ulimi, kwamba mama yake huwafanyia hivyo batoto nyumbani. Apendeki akakimbia kwao na kurudi na kichupa cha matone ambacho kaka yake alikitumia mwaka ule macho yalipomwasha; kilikuwa hakina kifuniko, kimezibwa kwa kipande cha karatasi. Shangazi yangu, aliyekuwa akipita na ndizi zake kuelekea sokoni, akatua mzigo, akanitazama, akatikisa kichwa.

"Jicho si mchezo," alisema. "Jicho iko mambo ya Uvira. Kule ndiko kuko dokta wa macho. Maliza mashindano yako, kisha tutaangalia boti ya kukupeleka."

Na mimi? Mimi nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Nikasema nitapiga kafi na jicho moja. Nikasema mbele ni mbele, na mtumbwi ulionyooka hauhitaji macho mawili. Wenzangu wakashangilia! Waliposhangilia nikajiona shujaa, maumivu yakarudi nyuma kidogo, na nikaomba kafi yangu.

Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Ni kweli, lakini hawakusema ukaliue jicho lako kwa makusudi ili moyo upate sifa.

Hapo ndipo alipofika Koko Mwavita.

Huyu alikuwa mama wa baba yangu. Jicho lake la kushoto lilikuwa jeupe, jeupe kabisa kama maziwa yaliyoganda, na sisi wajukuu tulikuwa tumelizoea tangu kuzaliwa hata hatukuliona tena. Hakuwahi kutuambia lilikuwaje. Alikuwa ameshuka kutoka shambani na mzigo wa sombe, majani ya muhogo ya kupika, aliokusudia kuupikia wageni wa Swima, kwa sababu kwetu hata mpinzani hula. Akatuona tumekusanyika. Akaniona nimeshika kafi mkono mmoja na jicho mkono wa pili.

"Iko nini?" akauliza.

Tukamweleza sote kwa pamoja, kila mtu na lake, boti, ulimi, matone, mashindano. Akasikiliza. Kisha akatua mzigo wake chini polepole, akaja mbele yangu, akanishika kidevu.

"Weka iyo kafi chini."

"Koko, ngoma zimeshaanza—"

"Nimesema weka chini."

Nikaweka.

"Angalia hii jicho yangu," akasema. "Usiangalie pembeni, angalia. Munafikiri nilizaliwa nayo? Ilianza na kajani ka muhogo, kadogo bile. Kalinipiga mu shamba, asubuhi kama hii. Mi nilikuwa mudogo kuliko we. Wakati ule hapa hapakukuwa santre, hapakukuwa muganga, hapakukuwa kitu. Baba alisema tungoje boti ya Uvira. Tuliingoja. Walinitilia majani, walinitilia maziwa ya mama mwenye mutoto, kila muntu alileta yake. Boti ilifika, lakini jicho ilikuwa imekwisha kuenda."

Shangazi aliinamisha kichwa.

"Mi sikuwa na mulango wa kubisha," Koko akaendelea, na sauti yake ikapanda. "We uko nao! Uko pale nyuma ya kanisa, umefunguliwa, na muganga yuko ndani. Unapita mbele yake kila siku ukienda kuchota maji. Na unaniambia utangoja mashindano? Unaniambia Uvira? Jicho haingoji boti, Wabiwa!"

Sijawahi kukaripiwa hivyo tena, mwanangu, na wala sijapata karipio lililonifaa kama lile. Hakunipa nafasi ya kujibu. Aliagiza maji yaliyochemshwa yakapoa, yakaletwa kutoka kwa Baba Lubunga, ambaye mke wake hakuwahi kunywa maji ya ziwa bila kuyachemsha. Akanawa mikono kwa sabuni, akaniinamisha kichwa upande, akanimiminia maji taratibu kwenye jicho. Kitu hakikutoka. Akasema, "Basi, nimefanya yangu. Sasa twende kwa mwenye kazi yake." Akanishika mkono, na yule bibi ambaye kila siku alitembea akilalamikia kiuno akaanza kukimbia!

Tulikimbia, wallahi tulikimbia. Tulipita katikati ya soko jipya, kati ya meza za mbao ambazo bado zilinukia msumeno, kati ya watoto wenye bendera za karatasi, bamama wakituuliza kwa sauti kuna nini, na Koko akijibu bila kusimama, "Jicho! Jicho! Mutupishe!" Watu wakapisha kama wanapisha maiti au bibi harusi. Mimi nyuma yake nikilia kwa jicho moja na kucheka kwa lingine, maana sikuwahi kumwona bibi yangu akiruka mfereji.

Santre yetu, yaani kituo cha afya, ilikuwa nyumba ndefu ya matofali yenye benchi nje. Pale kwenye benchi alikuwa amekaa mama mmoja kutoka milimani, kwa wale wenzetu wafugaji wa ng'ombe, ameshika fimbo mkono mmoja na mtoto mchanga mkono wa pili. Macho ya yule mtoto yalikuwa yamevimba na kugandamana kwa usaha. Miguu ya mama ilikuwa na tope la njia ya kushuka. Alikuwa ameondoka kwake wakati wa giza. Koko akamsalimu, akamuuliza hali, kama inavyopasa. Kisha mama akanitazama mimi na machozi yangu.

"Unakaa mbali?" akaniuliza kwa Kiswahili chake cha milimani.

"Hapana. Hapa hapa, karibu na ziwa."

"Na uliumia lini?"

"Sasa hivi."

Akatabasamu. "Uko na bahati. Huyu wangu hawezi kusema inamuuma wapi, na mi sikujua kama ni jambo la kukimbia. Jirani ndiye aliniambia, macho ya mutoto muchanga hayalali nyumbani."

Muganga Elia, tabibu wa santre, akatoka. Alikuwa kijana wa kutoka Fizi kule juu, mwembamba, mwenye haraka ya mikono lakini si ya maneno. Alimchukua mtoto kwanza. Nakumbuka nilikasirika kidogo, ngoma zikipiga kule, lakini Koko akanibana kiwiko: mtoto wa siku chache mwenye usaha machoni hutangulia hata mbele ya mfalme. Ndani tulisikia mtoto akilia kwa nguvu, kisha muganga akimweleza mama taratibu dawa na namna ya kusafisha, na kwamba wangelala pale ili amwangalie vizuri. Mama alipopita tena mlangoni, uso wake ulikuwa umefunguka.

Kisha ikawa zamu yangu. Muganga Elia akanawa mikono, akanikalisha nikitazama dirisha. Akaniuliza kilichotokea, nimeweka nini ndani, ninaona vipi; nikamweleza yote, hata yale matone ya Apendeki. Akanifunika jicho zuri na kuninyooshea vidole nivihesabu kwa lile linalouma. Nikaviona, kwa ukungu wa machozi. Akatia tone moja. Mwanangu, lile tone! Ule moto ukazimika kama mtu amemwagia maji kwenye makaa. Nikasema, "Nimepona!" nikataka kusimama.

Akanirudisha kwenye kiti. "Hujapona. Nimelaza maumivu tu ili nitafute. Angalia chini. Chini zaidi, kama unaangalia vidole vya miguu."

Akaushika ukope wangu wa juu, akaupindua nje kwa kutumia kijiti chembamba, jambo ambalo sikujua kwamba ukope unaweza kulifanya. Koko akasogea na jicho lake moja kuona. Muganga akapitisha pamba yenye maji, mara moja tu, kama mtu anayefuta vumbi kwenye kioo.

"Huyu hapa."

Kwenye pamba kulikuwa na kitu kidogo kama mbegu ya lenga-lenga, mchicha wetu. Ndicho hicho! Ndicho kilichokuwa kinanichoma kama mwiba, ndicho nilichotaka kwenda nacho ziwani! Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Na kibanzi cha mti, kwa jicho, ni gogo zima.

Nilipepesa. Hakuna kilichokwaruza. Nilicheka kwa sauti hadi wagonjwa wa nje wakachungulia. Koko akapiga kigelegele humo humo ndani ya santre, na muganga akamwomba radhi kwa kumnyamazisha, kwa kuwa chumba cha pili kulikuwa na mama aliyejifungua.

Lakini hakuishia hapo. Akachukua tochi, akainama, akaangalia kioo cha jicho langu kwa muda mrefu.

"Kuna mukwaruzo," akasema. "Mudogo, juu juu. Kila ulipopepesa kile kitu kilikuwa kinachora. Ni vizuri hukusugua. Ni vizuri zaidi hukutia yale matone ya rafiki yako. Kuna matone mengine yanaondoa wekundu tu, jicho linaonekana zuri, huku ndani kidonda kinakula. Unafurahi huku unapoteza." Akanipaka marhamu ya dawa ndani ya ukope, akanipa tyubu ndogo niendelee nayo, akaniambia nirudi kesho yake aangalie, na nikianza kuona ukungu au maumivu yakizidi nisingoje hiyo kesho.

Nikauliza swali langu. Alilijua hata kabla sijafungua mdomo, nadhani, kwa sababu nilikuwa nimevaa kikwembe cha mashindano.

"Kwenye mutumbwi, hapana," akasema. "Kafi zinarusha maji ya ziwa, na jicho lako leo lina mulango wazi. Maji yale yasiingie."

Moyo wangu ukashuka hadi kwenye nyayo. Akanitazama, kisha akasema, "Lakini sijasema usiimbe."

Tuliporudi ufukweni jua lilikuwa limeshapanda na mitumbwi yote miwili ilikuwa imeshapelekwa kule kwenye mawe makubwa, mahali pa kuanzia. Watu walijaa hadi kwenye maji. Nilikuta wenzangu wamekaa mtumbwini, kiti changu cha mbele kitupu. Niliwaambia. Apendeki akashuka, akanishika mabega na kuniangalia jicho, akasema, "Liko wazi! Linaona?" Nikasema linaona. Akasema, "Basi. Tutapiga tukiwa pungufu. Heri kiti kitupu mwaka huu kuliko kiti kitupu miaka yote."

Wakati huo mtumbwi wa Swima ulikuwa kando yetu. Mbele yake alikaa Amisa, ambaye ndiye aliyetuma zile salamu za kejeli, msichana mrefu mwenye sauti iliyosikika hadi katikati ya ziwa. Akauliza, "Mwimbaji wenu iko wapi? Kiti iko tupu."

"Ameumia jicho," akajibu Apendeki. "Ametoka kwa muganga, amekatazwa maji."

Amisa akanitazama pale kwenye mawe. Nikadhani atacheka. Badala yake aliweka kafi yake ndani ya mtumbwi, akashika ukingo, akaruka majini, maji yakamfika kiunoni, akaja hadi nilipo.

"Bote basikie," akasema akiwageukia wenzake. "Swima haitaki kushinda muntu mwenye kiti tupu. Yetu pia itakuwa tupu. Mi na huyu tutaimba kwa miguu."

Mwanangu! Watu walipiga kelele hadi ndege waliokuwa juu ya nyavu wakaruka wote. Mzee wa soko akanyanyua kitambaa, akakishusha, mitumbwi ikaruka, na sisi wawili tukaanza kukimbia juu ya mchanga, yeye akiimbia Swima, mimi nikiimbia Mboko!

Sijui kama umewahi kuimba ukikimbia. Pumzi inagawanyika. Mimi niliita, "Dada, vuta!" nao kule majini wakaitikia, "Vuta!" na kafi zikaingia. "Ufukwe unaita!" "Unaita!" Amisa kando yangu alikuwa na wimbo wake, na kila alipopandisha, mtumbwi wa Swima ulichomoka, na kila nilipopandisha mimi, wetu ukaufuata. Nilikuwa nimejifunika kikwembe upande wa jicho langu ili mchanga usinipate. Mara nikajikwaa, na nani alinishika? Amisa, huyo huyo, bila kuacha kuimba. Bamama wa Mboko wakaanza kukimbia nyuma yetu na kuitikia, watoto wakafuata, na nikageuka kidogo tu nikamwona Koko Mwavita katikati yao, sombe yake ameisahau sijui wapi, ameinua mikono yote miwili.

Mitumbwi yote miwili ilipanda mchanga pamoja. Pamoja! Swima hadi leo wanasema pua yao iligusa kwanza, Mboko tunasema ni yetu, na mzee wa soko alipouliza ushahidi wangu wote walikataa, wakisema shahidi mwenye marhamu jichoni hafai. Mbuzi wa zawadi akachinjwa pale pale, akaliwa na wote, na sombe ya Koko ilipatikana ikapikwa pamoja na nyama. Nadhani sijala tena nyama tamu namna ile.

Wakati tunakula Amisa akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Ulienda Uvira na kurudi leo leo?"

"Uvira gani! Hapo nyuma ya kanisa."

Akaacha kutafuna. Kisha akaniambia kwamba baba yake kule nyumbani alikuwa na jicho jekundu lenye maumivu na akitazama taa anaona rangi zikiizunguka, na kwamba alikuwa anangoja avue samaki wa kutosha ili asafiri. Nilifanya kile nilichofanyiwa asubuhi. Nilisimama na kipande cha nyama mkononi nikamkaripia! Kesho yake, nilipokuwa nimekaa kwenye benchi kungoja muganga aangalie mkwaruzo wangu, niliwaona wakiingia, Amisa na mzee wake ameshikwa mkono.

Mkwaruzo wangu ulikuwa umeanza kufunga vizuri. Lakini kwa baba yake Amisa, Muganga Elia aliangalia, akagusa jicho juu ya ukope kwa vidole, na uso wake ukabadilika. "Hili si langu," akasema. "Hili ni la hospitali kubwa, tena leo." Na ni yeye aliyepanga safari, aliyejua wapi na kwa nani, na mzee akasafiri siku ile ile. Alirudi akiona. Si kama zamani, lakini alijua uso wa mjukuu wake alipozaliwa, na nyavu zake alizishona mwenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa, mwanangu, kwamba kituo cha karibu hakifanyi kila kitu, lakini ndicho kinachojua njia fupi ya kwenda mbali. Anayeruka mlango wa jirani akitafuta wa mbali mara nyingi hukosa yote miwili.

Sasa siku hizi mambo yamegeuka. Naona vijana wa pikipiki wakipita barabara ya Uvira hadi Baraka, vumbi limewajaa usoni na miwani wameitundika shingoni kama mkufu. Naona wanaochomelea vyuma bila kitu machoni. Na jicho likiwauma wanapiga picha, wanaituma kwa binamu aliye mji mwingine, binamu anatuma jina la dawa, na wote wanaridhika. Simu ni nzuri, mimi mwenyewe ninayo. Lakini simu haiwezi kupindua ukope.

Kwa hiyo nisikie, mwanangu. Kitu kikiingia jichoni, usisugue. Nawa mikono, mimina maji safi, na kama hakitoki usipigane nacho kwa ulimi, wala kwa ncha ya kikwembe, wala kwa majani, hata kama anayekuletea anakupenda. Dawa ya mwenzako ni ya jicho la mwenzako. Ikiwa ni chokaa au sabuni kali au maji ya betri yamekurukia, basi mimina maji mengi kwanza hapo hapo, mengi, usiyaonee huruma, kisha ukimbie. Jicho likiwa jekundu na linauma, likiogopa mwanga, likitoa usaha, au kuona kukipungua hata kidogo, nenda siku hiyo hiyo kwenye kituo kilicho karibu nawe, iwe ni Nundu, iwe ni Swima, iwe ni hapa Baraka. Mtoto mchanga usimpe hata saa. Ukipewa dawa imalize, ukiambiwa rudi rudi, na ukiambiwa hili ni la mbali usikae kubishana. Mdharau mwiba mguu huota tende, na jicho halina hata subira ya mguu. Wala usione aibu kwamba jambo lako ni dogo. Dogo ndilo linalotibika hapa hapa, na furaha ya kutibiwa dogo ni kwamba jioni unaweza kula nyama na wenzako.

Mungu wa baba zetu akulindie macho yako mawili, uyazeekee yakiwa yote. Akupe watu wa kukukaripia kwa wakati, na masikio ya kuwasikia. Akuonyeshe ziwa hili likiwa tulivu, na mlima ule ukiwa wa kijani, na nyuso za wale watakaokuita koko. Na siku mwenzako atakaposimama mbele yako ameshika jicho na kusema "nitangoja", Mungu akupe sauti kubwa, na miguu ya kukimbia naye. Amina.